Samaki wa Mpima Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na samaki wa Baba anaogelea kwa ubavu. Nayaandika pamoja kwa sababu Baba anayasema pamoja. Tangu nirudi kutoka kazini ananiambia mvua imeingia mtoni, mto umechafuka, na Mwenyekiti amepata habari kabla yetu.

Mwenyekiti ndiye samaki mwenyewe. Ana rangi ya chungwa, mnene, mashavu yamejaa, naye hukaa katikati ya tangi akitutazama kama watu waliochelewa kikao. Baba alikuja naye miaka minane iliyopita, siku aliyostaafu. Alikuwa mpima maji kwenye kituo cha kusafishia maji ya mji, miaka thelathini na mmoja. Pale kituoni wana tangi la kioo ambamo maji ya mto hupitishwa kwanza, na ndani yake wamo samaki. Samaki wakianza kuyumba, bomba kubwa linafungwa kabla mji mzima haujanywa sumu. Wenzake walipostaafu waliagwa kwa saa za ukutani. Baba aliomba samaki.

Nimenunua daftari hili ili niandike hali ya mgonjwa siku kwa siku. Mwaka wa kumi na tano huu nauza dawa. Samaki hatanishinda.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Bado anaogelea kwa ubavu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemkagua vizuri, Baba akinishikia tochi. Tumbo limevimba. Kinyesi kinaning'inia kama uzi mweupe. Akijaribu kushuka chini, anarudishwa juu kama kizibo cha chupa. Nikaanza kutaja maradhi, moja baada ya jingine: minyoo, ukungu, figo.

"Usimtazame samaki, mama," Baba akasema. "Tazama kinachoingia."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Na hiyo ndiyo kanuni waliyofundishwa kituoni: samaki akiugua, mwache samaki, chunguza kinachoingia kwenye tangi. Nikamwambia mimi dukani namtazama mgonjwa.

"Ndiyo maana wagonjwa wako hawaishi kurudi," akasema, akacheka mpaka tochi ikatikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Chumvi, vijiko vitatu vya mezani kwa lita sitini. Baba anasema Mwenyekiti hajala tangu jana.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya usafi wa nguvu. Baba alipolala mchana nilimhamishia Mwenyekiti kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua vioo, nikaosha changarawe, na sifongo la chujio nikalikamua chini ya bomba mpaka likawa kama jipya. Nikajaza maji moja kwa moja kutoka bombani. Baba alipoamka alisimama mbele ya tangi kwa muda.

"Safi," akasema. "Safi sana."

Nilifurahi kama mtoto aliyepata alama zote. Baba si mtu wa kusifu ovyo.

Jumatatu, 10 Machi

Amelala chini kwenye changarawe, anahema.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Dakta Mapezi. Hajasomea udaktari wowote. Ana duka la samaki wa mapambo nyuma ya soko, na cheo amepewa na wateja. Nilimpelekea maji ya tangi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Akachovya kikaratasi cha kupimia, akaitazama rangi yake, kisha akanitazama mimi.

"Nani aliosha sifongo?"

"Mimi."

"Kwa maji ya bomba?"

"Kwa maji ya bomba."

Akavuta kigoda akakaa. Alinieleza taratibu, kwa sauti ile ninayoitumia mimi kwa watu wanaomeza dozi ya siku tano kwa siku moja. Kwenye sifongo wanaishi vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, nami nimeviua vyote. Tena msimu wa mvua, mto ukichafuka, klorini huongezwa, kwa hiyo maji ya bomba lazima yalale kwenye ndoo siku nzima kabla ya kumfikia samaki.

"Lakini haya baba yako anayajua kunishinda," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiongeza hiyo klorini. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia. Niliona amenyamaza makusudi ili nijifunze kwa kuumia, kama alivyonifundisha hesabu.

Tiba: matone ya kuua klorini, kubadili robo ya maji kila siku, na punje tano tu za chakula, mara moja kwa siku.

Jumamosi, 15 Machi

Ameinuka, lakini bado kwa ubavu, na tumbo ni lile lile. Kopo la chakula chake limeisha. Nililinunua mwezi uliopita na lilipaswa kufika Juni. Nimenunua jingine, nikalichora mstari wa kalamu pembeni, chakula kilipofikia, kama tunavyofanya kwa chupa za dawa.

Jumatano, 19 Machi

Mstari uko juu, chakula kimeshuka vidole viwili. Kwa siku nne. Baba hawezi kuzidisha. Ni mtu wa vipimo. Mimi sishindi nyumbani. Anayebaki ni Shangazi.

Shangazi ni mdogo wake Baba. Tangu mwaka jana huja kushinda naye siku za kazi. Yeye hampendi huyo samaki, lakini hawezi kuona kiumbe kimefungua mdomo asikitie kitu. Nilimkuta jikoni akifunga mkoba wake aondoke.

"Shangazi, huyu samaki si ng'ombe wa kunenepeshwa."

"Nani kamnenepesha?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Baba anajua kipimo."

Alinitazama. Nilidhani atanijibu kwa ukali, maana ukali anao wa kutosha. Akasema tu, "Haya, mwanangu. Kama Baba anajua kipimo." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Alhamisi, 20 Machi

Shangazi hakuja. Amenuna. Mvua kutwa.

Ijumaa, 21 Machi

Shangazi hakuja. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, bomba la jikoni linamwagika, na Baba amekaa sebuleni amevaa koti lake la kazini la miaka ile. "Gari limechelewa leo," akasema. Kisha akanitazama vizuri, akacheka, akasema alikuwa ananitania. Nikacheka naye. Miaka sitini na tisa, ana haki ya kusahau bomba.

Jumatatu, 24 Machi

Mtaa wa dukani umejaa maji, hatukufungua. Nimeshinda nyumbani. Naandika taratibu kwa sababu nataka kesho nisijidanganye kwamba niliona vibaya.

Saa mbili tulikunywa chai. Baba akainuka, akafungua kopo, akahesabu punje tano kiganjani, moja moja, akazidondosha. Mkono wake haukutetemeka. Nikajisemea, huyo ndiye mtu wa vipimo. Nikaendelea kukunja nguo.

Saa mbili na nusu akainuka tena. "Maskini Mwenyekiti," akasema, "hujala tangu jana." Akahesabu punje tano.

Nilidhani ni utani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie, kisha nikajizuia. Labda ni mazoea ya dukani: mtu akianza kueleza shida yake, usimkatize. Nilikaa na shati mkononi nikamtazama.

Saa tatu kasorobo, punje tano. Saa tatu na dakika kumi, punje tano. Akakaa, akasoma ukurasa ule ule wa gazeti lile lile, akainuka. Kila mara alihesabu vizuri. Kila mara alimwambia maneno yale yale, kwa huruma ile ile, na samaki, ambaye hana akili ya kukataa, akaja juu kwa ubavu akafungua mdomo. Kufika saa sita ilikuwa mara tisa.

Hapo ndipo mengine yote yakaanza kunijia. Ile "safi sana" ya sifongo. Hakuwa ananifundisha kwa kuniumiza. Hakukumbuka. Ni jambo ambalo zamani angenipigia kelele mpaka majirani watoke nje, na lilimpita akiwa amesimama mbele yake. Mlango. Koti. Shangazi na kile alichokimeza asiniambie.

Wiki tatu nimekaa na tochi nikimkagua samaki. Kanuni alinipa mwenyewe mapema kabisa, nami nikamjibu kwa maringo. Kila siku nawauliza wateja: nyumbani nani anampa mgonjwa dawa? Kwetu sikuuliza. Nadhani sikutaka kujua.

Saa saba akaniuliza kama Mwenyekiti amekula.

"Amekula, Baba."

"Nani kampa?"

"Wewe."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za mji asioufahamu. Nikaenda bafuni nikafungua bomba asinisikie nikilia.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunihesabia punje?"

Nikamweleza niliyoyaona. Hakushangaa hata kidogo. Alinisogezea kiti, akaniambia amejua tangu mwaka jana, na ndiyo sababu alianza kuja. Alikuwa anazima jiko nyuma ya kaka yake, anafunga mabomba, anamtolea miwani ndani ya friji. Jioni mimi nikirudi nakuta kila kitu mahali pake, nakaa kusifu afya ya mzee.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba nisikwambie. Alinishika mkono, na siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Alisema, 'Huyu mtoto akijua, ataanza kunitazama kama mteja.'"

Baadaye nikamuuliza kuhusu chakula cha samaki, kama hakuona.

"Niliona. Nikashukuru kwamba kipo kitu kimoja anachoshika kisichoweza kuunguza nyumba. Kwamba kinaua, sikujua."

Nilimwomba radhi. Akasema nimechelewa lakini anapokea, na kesho atakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Kopo sasa nakwenda nalo kazini, ndani ya mkoba. Mwenyekiti amenyimwa chakula siku tatu, ndivyo alivyoagiza Dakta Mapezi. Leo nimempa njegere moja iliyochemshwa, nimeimenya ganda. Tumbo limeanza kushuka.

Jumatano, 2 Aprili

Mwenyekiti anaogelea wima. Baba ametafuta kopo nyumba nzima, mpaka chini ya magodoro. Ameniita mwizi. Amesema nataka kumuua samaki wake kwa njaa. Jioni alikuwa amesahau kwamba amenikasirikia, akaniuliza mbona nimepoa.

Jumanne, 8 Aprili

Hospitali. Daktari ni kijana mpole, anaongea na Baba mwenyewe, hampiti akaongea nami, na kwa hilo namshukuru. Akamuuliza mwezi gani huu. Baba akatazama dirishani, mvua inapiga kioo, akasema, "Mwezi wa kuongeza klorini." Daktari akacheka, mimi nikacheka, halafu tukasubiri, na jina la mwezi halikuja. Akapewa karatasi achore saa. Namba zote kumi na mbili alizipanga upande mmoja.

Dawa aliyoandikiwa naifahamu. Nimeiuza mara nyingi. Nimewaambia watu wengi kwamba inapunguza kasi tu, haiponyi, nikawapa chenji nikamwita anayefuata.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Baba amelala kutwa.

Jumatano, 16 Aprili

Shangazi aliingia bafuni dakika tano. Alipotoka, Baba alikuwa amemaliza pakiti nzima ya biskuti, ameziponda zote ndani ya tangi. Maji kama chai ya maziwa. Nimebadili nusu, nimetia matone, lakini Mwenyekiti amerudi kulala kwa ubavu na magamba ya tumboni yameanza kusimama. Dakta Mapezi anasema safari hii tumemuwahi, ya tatu hatutamuwahi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini, na nashukuru niliomba.

Baba aliamka akiwa yeye. Sijui namna nyingine ya kusema. Alinisalimia, akauliza mbona sijaenda dukani, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akachovya kidole, akakinusa.

"Haya maji yana mabaki ya chakula," akasema. "Nani anamlisha huyu?"

Shangazi alinitazama. Ningeweza kudanganya, na Shangazi angenisaidia, amezoea. Lakini aliuliza kama mpima maji anavyouliza, na mtu hamjibu mpima maji kwa kumbembeleza.

"Wewe, Baba."

"Mara ngapi?"

"Siku niliyohesabu, mara tisa kabla ya saa sita."

"Punje ngapi?"

"Tano tano."

Midomo yake ikapiga hesabu. "Arobaini na tano," akasema. "Na hii harufu?"

"Biskuti. Jana."

Akakaa. Akaipangusa mikono yake magotini, mara mbili tatu, ingawa haikuwa na kitu.

"Basi kinachoingia ni mimi."

Shangazi aligeukia dirisha. Mimi nikaanza kusema haraka haraka: tutafunga kabati kwa kufuli, tutapanga zamu, tutaweka bati juu ya tangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza vijana wa kituoni.

"Tukishajua kinachoingia ni kibaya tulikuwa tunafunga bomba, mama. Hatukukaa kulibembeleza. Mpeleke kituoni. Watamweka."

"Kesho nikitoka kazini."

"Leo. Kesho sitakumbuka kwamba nilikubali. Nitakukatalia, na nitakuwa mkali."

Tukamtia kwenye ndoo yenye kifuniko. Ndani ya teksi Baba aliipakata magotini, mkono mmoja juu ya kifuniko, na kila tulipopita kwenye shimo alimwambia dereva polepole.

Mpima maji wa sasa ni mwanamke wa umri wangu. Alipolisikia jina la Baba alisimama. Lipo kwenye kuta zao na kwenye vitabu vya vipimo. Alisema Mwenyekiti hatawekwa kwenye kazi, ana tangi la pembeni kwa ajili ya samaki wagonjwa na wageni. Baba akamweleza yote: umri wake, kipimo, njegere, kwamba hapendi taa kali, kwamba pezi la kushoto alizaliwa nalo fupi na wasidhani ni ugonjwa. Mwanamke akawa anaandika. Kisha Baba akamuuliza ameongeza klorini kiasi gani tangu mvua ianze. Akamtajia. Baba akafikiri.

"Inatosha," akasema. "Ila mvua ya juzi ilikuwa na matope. Pima tena jioni."

"Nitapima, mzee."

Kwa saa nzima Baba hakuwa na ugonjwa wowote. Nilisimama pembeni nimeshika mwavuli wake, namjivunia.

Mwenyekiti alipotiwa kwenye tangi jipya, Baba hakuligusa. Aliinama tu. "Haya," akamwambia. "Wewe hukunikosea kitu."

Tukarudi na ndoo tupu, bado ameipakata. Tulipofika kwenye mataa ya barabara kuu akanigeukia, akaniuliza kwa upole tumebeba ndoo ya nini.

Ijumaa, 18 Aprili

Alikuwa ameniambia kweli. Ameuliza samaki wake yuko wapi. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe uliamua apelekwe kituoni." Akasema hawezi kuamua hivyo. Akasema tumemuuza. Alikuwa mkali, kisha akalia. Sikumwona akilia hata tulipomzika Mama.

Jumamosi, 19 Aprili

Ameuliza. Nimemweleza. Amelia.

Jumapili, 20 Aprili

Vile vile. Shangazi ananiambia nidanganye, niseme samaki amekufa. Nimekataa. Baba amefanya jambo kubwa, siwezi kumnyang'anya.

Jumatatu, 5 Mei

Mpima maji amepiga simu. Magamba yamelala, Mwenyekiti anakula kwa kipimo na ameanza kuwatazama wafanyakazi kwa dharau. Nimemwambia Baba. "Mwenyekiti gani?" akauliza. Baada ya saa moja akamkumbuka, akaanza kumtafuta.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinapungua. Nimegundua kinachomliza si kuondoka kwa samaki. Ni neno "wewe". Nikimwambia wewe uliamua, anamtafuta huyo mtu ndani yake hampati, anaogopa. Tangu Ijumaa nasema kwa namna nyingine, na hajalia.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimekwisha. Shangazi ameanika magodoro nje tangu asubuhi. Sitaandika tena kwenye daftari hili. Mgonjwa niliyemnunulia daftari amepona.

Leo Baba alikunywa chai nusu kikombe, akatazama pale kabatini palipokuwa na tangi.

"Yuko wapi Mwenyekiti?"

"Yuko kituoni, Baba. Mzima kabisa."

"Nani alimpeleka?"

"Mwenye samaki. Aliona hawezi tena kumtunza, akaamua mwenyewe apelekwe."

Kwa kawaida husema, "Vizuri," kisha hurudia chai yake. Leo alifikiri kwa muda mrefu, kikombe mkononi.

"Lazima ilimuuma," akasema.

"Ilimuuma sana."

"Lakini alifanya sawa. Huyo alikuwa mtu anayejua kazi yake." Akanigeukia. "Wewe ulimfahamu?"

Nikamwambia ndiyo, nilimfahamu vizuri, nikamwongezea chai.